Karafuu Iliyosagika Usingizini

Vidole gumba vyangu ndivyo vilivyoacha kazi, si mimi. Mimi bado naitaka. Lakini mkandaji asiyeweza kubonyeza ni mgeni tu aliyekuja kunywa kahawa ya watu, na kahawa za watu nimezinywa za kutosha. Basi mwezi uliopita niliwagawia nyinyi wanawake wadogo mnaoifanya kazi hii mjini vyombo vyangu: bakuli la shaba, vifuko vya chumvi, na kile chetezo kidogo cha kupashia viganja. Mmoja wenu akaniambia kuwa vyombo wamevipata, lakini yaliyomo kichwani mwangu nitayagawa lini. Nilicheka, kisha nikaona amesema jambo. Nimekaa kuandika. Khati yangu ni ile ile ya chuoni, niliyofundishwa kwa ajili ya msahafu, basi mnivumilie.

Mimi ni mtu wa Makunduchi. Nililetwa mjini na mume, mume akaniacha, na aibu ya kurudi nyumbani na kitanda changu kichwani ikanifanya nibaki. Ilikuwa miaka michache baada ya jumba la Sultani kupigwa mizinga, na watu walikuwa bado wanaonyeshana matundu kwenye kuta za pwani kama vile wao ndio walioyatoboa. Nilipanga chumba Vikokotoni, ng'ambo ya daraja. Chumba chenyewe ni hiki hiki ninamoandikia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi Mwajuma, mkandaji wa Malindi, mwanamke mwembamba mwenye viganja vipana visivyokuwa vyake. Sikupewa mtu wa kumkanda kwa muda mrefu. Nilipewa unga. Alikuwa akikanda donge la unga wa ngano, akificha kunde kavu ndani yake, kisha ananiambia nizitafute kwa dole gumba bila kutazama na bila kuzisukuma zitoke. Nilipozipata zote akaniambia sasa nimjulishe ipi imelala na ipi imesimama. Nilidhani ananichezea. Nyinyi mnaojifunzia moja kwa moja kwenye migongo ya watu, mnajifunza upesi, na migongo ya watu inajua hivyo.

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilipelekwa Shangani kwa bibi mmoja mnene mwenye miguu iliyovimba. Bi Mwajuma alinikabidhi miguu hiyo, akenda zake chumba cha pili kwa mgonjwa mwingine. Yule bibi akalala. Hakuna aliyeniambia mtu akilala unafanya nini, nami niliogopa kuuliza, basi nikakanda. Nilikanda mpaka adhuhuri. Alipoamka akaniuliza mimi ni nani na nafanya nini na miguu yake. Bi Mwajuma alilicheka jambo hilo mpaka mwaka aliokufa.

Mambo aliyonitilia mkazo hayakuwa mengi. Pasha viganja kabla hujamgusa mtu, kwa sababu mwili ulioshtushwa unajifunga. Anza mbali na panapouma. Na maneno ya nyumba yabaki nyumbani. Hilo la mwisho alilirudia kuliko yote. Mkandaji anaingia vyumba ambavyo hata ndugu haingii, na mtu akishalainishwa mgongo na ulimi nao unalainika. Utasikia ya mke mwenza, ya mirathi, ya mtoto asiyefanana na baba. Ukiyachukua hata ngazi moja kwenda chini, alisema, usirudi kwangu. Sikuyachukua, na miaka yote niliyofanya kazi hakuna nyumba iliyonilalamikia kwa hilo.

Lakini kazi hii ina upweke wake, na nataka niuseme wazi kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Niliijua migongo ya nusu ya wanawake wa mji huu. Nilijua nani ana kovu wapi. Nikimaliza, nilitandikiwa kitambaa ukumbini karibu na ngazi, nikaletewa sahani yangu, nikala peke yangu, nikasikia wenye nyumba wakicheka ndani. Sikuonewa. Nilipewa chakula kile kile walichokula wao, tena kizuri. Ila nilikila nimeukabili ukuta. Kisha narudi Vikokotoni, chumbani kwangu, ambako hakuna aliyekuwa akinigusa mimi hata bega. Bi Mwajuma alipofariki, hata wa kunicheka hakuwapo.

Reli ya Bububu ilipoanza, kazi yangu ilienea mpaka mashambani. Nilikuwa nikipanda garimoshi karibu na Ngome na bakuli langu mapajani, na cheche zikinitoboa kanga. Nilikuwa na kanga moja iliyotoboka hivi hivi mpaka watu wakadhani ndivyo ilivyochapwa. Ni katika miaka hiyo nilipoitwa kwa Bi Zuwena, na habari yake ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Nyumba ilikuwa Hurumzi, ya ghorofa, ya Waarabu waliokuwa zamani na mashamba mengi ya karafuu kuliko waliyokuwa nayo siku ile. Bi Zuwena alikuwa mkwe wa nyumba. Mumewe alikuwa amefariki, naye amekaa eda, ndani ya chumba chake cha juu, hatoki na haonekani na wanaume, yeye na binti yake mdogo Asha. Mwenye nyumba alikuwa mama mkwe wake, Bi Moza. Kulikuwa na shemeji vilevile, ndugu wa marehemu, Bwana Nasor, aliyekuja kutoka Maskati kwa matanga akawa bado hajarudi.

Shida iliyoniita ilikuwa sikio. Kila asubuhi Bi Zuwena aliamka na maumivu ya sikio la kushoto, maumivu ya kumtoa machozi, yakishuka shingoni na kupanda kwenye paji la uso. Kufika adhuhuri yametulia. Kesho asubuhi yamerudi.

Walikuwa wameshajaribu mengi kabla yangu. Walisema mdudu ameingia, wakamtilia mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Mdudu hakutoka. Wakatia maji ya kitunguu, wakafukiza. Halafu wakamwita daktari wa Kigoa, na hapo sharti nieleze vizuri. Mjane wa eda hakuonyeshwa kwa mwanamume. Walitundika pazia, wakalitoboa, wakatoa sikio peke yake nje ya tundu. Daktari akachungulia kwa kioo chake kwa adabu kubwa, akasema sikio hili ni zima kabisa. Alisema kweli tupu. Sikio lilikuwa zima. Taya lilikuwa nyuma ya pazia.

Dawa iliyobaki ilikuwa karafuu. Nyinyi pia mnajua, hapa kwetu jino likiuma, sikio likiuma, mtu anatia karafuu baina ya magego upande unaouma, anailalia. Bi Moza mwenyewe ndiye aliyekuwa akimtilia mkwe wake karafuu kila alipokwenda kulala, karafuu nono za shamba lao, na asubuhi maumivu yanazidi. Nilipofika walikuwa wameshaamua kumwita mzee mmoja anayepiga moto, yaani anapasha chuma na kukigusisha nyuma ya sikio. Mimi niliitwa nimlainishe shingo tu ili aweze kutulia siku ya chuma.

Nilikwenda asubuhi mapema, kwa kuwa maumivu yenyewe ni ya asubuhi. Mgonjwa mtazame wakati anaumwa. Ukimkuta ameshapoa utakanda hadithi yake badala ya mwili. Kwa ajili ya eda nilichukua mafuta ya nazi matupu, bila ya asumini wala kitu chochote cha kunukia. Nilimkuta amekaa kitandani, mkono sikioni, mwanamke mdogo mwenye uso uliotulia mno. Hakulia mbele yangu. Alinisalimu, akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Makunduchi.

"Ndio nyinyi mnaopigana kwa vigogo vya migomba siku ya mwaka?" akaniuliza.

Hakuna mtu mjini aliyewahi kuniuliza jambo la kwetu isipokuwa kuyaigiza maneno yangu ili watu wacheke. Nikamwambia ndiyo, wanaume wanapigana mpaka wachoke, na wote waliokasirikiana mwaka mzima wanamaliza hasira zao pale, kisha watu wanakula. Akafikiri. Akasema hicho ni kitu kizuri, kuwa na siku ya kupigana.

Nilikwenda kwake asubuhi nyingi. Shingo ililainika na maumivu hayakuondoka. Chakula kilipoletwa, siku ya pili tu, alimwambia mjakazi asinitandikie ukumbini. Akasogeza sinia yake kitandani tukala pamoja, mkono wangu na wake katika wali mmoja, na Asha katikati yetu akichagua zabibu. Najua hili ni jambo dogo. Lakini siku ile nilirudi Vikokotoni nikawa sitaki kunawa mkono. Tangu hapo nilikuwa nikiamka na furaha kwa kuwa nakwenda Hurumzi, na furaha ile ilinitia hofu, maana nilijua eda ina mwisho.

Karafuu niliigundua kwa bahati. Asubuhi moja nilifika kabla hajasukutua. Nikamletea bakuli langu la shaba ateme ile karafuu, nami nikatazamia kusikia mlio wake ukigonga chini ya bakuli. Sikusikia kitu. Nikatazama. Ulikuwa unga. Unga mwororo, kama uliotwangwa kwa ajili ya pilau.

Nikamuuliza kwa nini anaitafuna. Akasema haitafuni, anailaza tu baina ya meno na kulala. Nikamwambia anionyeshe magego. Yalikuwa yamelika juu, yamekuwa bapa kama ya mtu mzima sana. Basi nikapasha viganja vyangu, nikavilaza mashavuni mwake, mbele ya masikio, nikamwambia aume meno polepole na kuachia. Ndipo nilipozikuta zile kunde za Bi Mwajuma. Msuli wa taya ulikuwa umesimama chini ya dole gumba langu, mgumu, na nilipoubonyeza akashtuka akasema, "Hapo. Hapo ndipo sikio linapouma." Lakini pale hapakuwa sikio.

Nikamwambia, "Bibi, sikio lako zima. Wewe unauma meno usingizini, usiku kucha. Na hiyo karafuu ndiyo inakupa kitu cha kuuma."

"Nnauma nini, Mwanahawa?"

"Hilo mimi silijui. Unalijua wewe."

Mikono yangu ilikuwa bado usoni pake. Akanieleza. Bwana Nasor alikuwa anajitayarisha kurudi Maskati, na ilikuwa imekatwa shauri kwamba Asha atakwenda naye, akalelewe na mkewe huko kwenye nyumba ya baba zake. Zuwena hakuulizwa. Baba yake mwenyewe alikuwa amekufa zamani, na ami yake wa Pemba alikuwa amekwisha ridhia. Yeye aliambiwa baada ya eda ataolewa tena, ni mdogo, atapata wengine. Na mjane aliyekaa eda hagombani na watu wa marehemu, itasemwa hakumpenda. Basi mchana kutwa alikuwa akiitikia naam, naam, na kila Asha akilala alikuwa akimtazama.

Nilijua ninalotaka kufanya. Nilitaka niteremke ngazi nikamwambie Bi Moza. Lakini nililifikiri na kuliona si langu. Neno likifika kwa Bi Moza kutoka kwa mkandaji lingekuwa fitina ya mkandaji, lingetupwa nje pamoja na mimi. Nikamwambia Zuwena hivyo hivyo. Nikamfunza yale niliyoyajua: kifuko cha chumvi ya moto shavuni kabla ya kulala, karafuu asiitie tena, midomo aifunge lakini meno yasigusane, na ulimi aulaze juu. Nikamwambia hayo yatamsaidia kidogo. Lililobaki alitoe kwa mwenyewe wa kuambiwa, kwa sababu taya halifunguki kwa mafuta peke yake.

Tulikuwa hapo, viganja vyangu mashavuni mwake, Bi Moza alipoingia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Alikuja na habari kwamba yule mzee wa chuma atafika kesho, na mwanawe asiogope, ni mara moja tu.

Nyinyi mtakanda watu maisha yenu yote na huenda jambo hili lisiwapate. Mimi lilinipata. Nililisikia neno mikononi kabla ya kulisikia masikioni. Msuli uliokuwa mgumu ukatetemeka, ukaachia, taya likashuka, na Zuwena akasema bila ya kupandisha sauti:

"Mama, Asha hapandi meli bila ya mimi."

Bi Moza akasimama pale pale. Akamwambia anasema nini, mtu yumo edani. Zuwena akasema eda itakwisha, na ikisha, anakopelekwa Asha na yeye atakwenda, awe mke, awe mtumishi, awe chochote. Na kama hawataki yeye aende, basi na mtoto habanduki hapa. Na chuma hakitaki. Yote aliyasema mikononi mwangu. Sikuthubutu kuviondoa viganja.

Nilitazamia ukali. Bi Moza alikaa juu ya sanduku kwa uzito, kama mtu aliyevunjikiwa na ngazi. Akamtazama mkwe wake, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo:

"Na mimi ntabaki na nani?"

Mimi niliinama nikajifanya natafuta kifuniko cha mafuta, kwa sababu neno lile lilikuwa limenipita kifuani muda ule ule, nalo halikuwa langu kulisema. Yeye alikuwa mama wa marehemu, bibi wa mtoto. Mimi nilikuwa mkandaji.

Mzee wa chuma hakuja. Maumivu hayakukatika kwa siku moja kama watu wapendavyo kusimulia. Yalipungua, yakarudi, yakapungua zaidi, na magego yaliyolika hayaoti tena. Lakini Bwana Nasor alipoambiwa na mama yake, alikubali bila shida nyingi. Huenda hakuwahi kufikiri kwamba yule mwanamke ana shauri lake. Eda ilikwisha, Zuwena akakogeshwa, akavaa nguo ya rangi, na meli ikatajwa.

Nilimkanda mara ya mwisho asubuhi ya siku ya safari. Taya lilikuwa laini. Nilipokuwa nafunga vyombo vyangu alinishika mkono, akaugeuza, akatazama kiganja.

"Una neno, Mwanahawa?"

"Sina, Bibi," nikamwambia. "Mungu akufikishe salama."

Bandarini sikwenda. Nilikuwa na mgonjwa Bububu, nami nilishukuru kuwa naye. Nilikuwa nimekaa ndani ya garimoshi karibu na Ngome, bakuli mapajani, honi ya meli ilipolia, na garimoshi likapiga king'ora chake likaondoka. Nilikaza macho kwenye mgongo wa mtu aliyekaa mbele yangu. Bega lake la kulia lilikuwa juu kuliko la kushoto, nalikumbuka mpaka leo.

Bi Moza aliendelea kuniita. Hakuwa na maradhi ya kusema. Aliniita tu, akalala kifudifudi, nikamkanda, na hata mara moja hatukulitaja jina la yule aliyekuwa chumba cha juu. Sahani yangu ilirudi ukumbini. Mwaka aliofariki, matangani nilikuwa mmoja wa waliokaa karibu na mlango.

Baada ya hapo nilikanda wengi, na mengine ya kuwafunza mnayajua kwa kuniona. Kwa taya neno langu ni hili: mtu akikuletea sikio la asubuhi, usikimbilie sikio. Mtazame meno. Mwache ateme karafuu yake katika bakuli la shaba na wewe usikilize.

Sasa nimekaa, sina wa kumwendea asubuhi. Wiki ya kwanza niliilala. Wiki ya pili nikaamka na maumivu ya sikio la kushoto. Nami, mwanamke mwenye maarifa yote haya, nilisema mdudu ameingia, nikatia mafuta ya nazi. Mkicheka mna haki. Mdudu hakutoka, basi nikatia karafuu baina ya magego nikailalia, kama mtu yeyote wa kisiwa hiki. Asubuhi nikatema kiganjani. Unga.

Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu, kisha nikawa sicheki. Nilijua ninauma kitu. Hata kukitafuta sikuhitaji, kwa kuwa kilikuwa pale pale nilipokiacha, siku ile niliposema sina.

Jana jioni nikapasha viganja juu ya jiko la makaa, maana chetezo nimekwisha kugawa. Nikavilaza mashavuni mwangu mwenyewe, mbele ya masikio. Ngozi ilikuwa ngeni kwangu. Nikazikuta kunde zimesimama. Nikaacha taya lishuke, nikasema kwa sauti, humu chumbani:

"Usende, Zuwena. Na mimi ntabaki na nani?"

Ilikuwa sawa aende. Ningelisema siku ile, angelikwenda vilevile, na ningelimwona mjinga kama angelibaki. Lakini angelijua. Jirani yangu aliyeko nyuma ya ukuta akaniita, "Bi Mwanahawa." Nikaitika naam. Akaniuliza nazungumza na nani. Nikamwambia nina mgonjwa.

Nikalala na karafuu, ili nione tu. Asubuhi ya leo nimeitema kiganjani nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Imekatika vipande viwili, kichwa mbali na kijiti mbali. Unga haukuwapo.